Taa Mbili Nyekundu Zinazopokezana: Kwa Nini Dereva Huziona na Bado Hupita

Dereva wa Afrika Mashariki hujifunza mapema kwamba nyekundu ni simama, njano ni jiandae, kijani ni nenda. Mafunzo hayo humtosha mpaka siku atakapofika mahali ambapo barabara inakatiza reli na kukuta taa mbili nyekundu zilizowekwa sambamba, moja ikiwaka huku nyingine ikizimika, tena na tena, na kengele ikilia. Hakuna kijani ya kumruhusu. Je, asimame mpaka zizime zote? Asimame, atazame kulia na kushoto, kisha apite kama treni haionekani? Au zinamtaka tu awe mwangalifu, kama ile taa ya njano inayowaka na kuzima penye matengenezo ya barabara? Majibu ya madereva hutofautiana, na si ajabu, kwa kuwa hata nchi zilizozitumia taa hizi kwa miaka mingi hazikubaliani. Uingereza, zikianza kupokezana hakuna ruhusa ya kupita hadi zizime. Katika majimbo mengi ya Marekani, kanuni iliyozoeleka humtaka dereva asimame kati ya futi 15 na futi 50 kutoka kwenye reli iliyo karibu naye, na asiendelee mpaka iwe salama. Maana yake, pasipokuwa na kizuizi, uamuzi wa mwisho ni wake. Mswahili aliyepata leseni Birmingham kisha akahamia Minneapolis hukutana na taa zilezile zenye masharti mawili.

Mkataba wa Vienna wa alama za barabarani wa mwaka 1968 ulichagua upande mmoja bila kusita: taa nyekundu inayowaka na kuzima, au mbili zinazopokezana, ni amri ya kutovuka mstari. Mkataba huo ukazitengea taa hizo mahali pachache tu, yaani makutano ya reli, madaraja yanayofunguka, vituo vya zimamoto, viwanja vya ndege na magati ya feri. Kwa hiyo swali la dereva lina jibu fupi na salama popote alipo: simama. Lililo gumu ni swali linalofuata. Ishara hii imeboreshwa kwa zaidi ya miaka 100 ili isiweze kukosekana machoni, na kweli haikosekani. Mbona basi wapo wanaogongwa wakiwa wameiona? Wengi wanaojibu swali hili hutafuta dawa katika ukubwa wa taa, ukali wa mwanga, au ukaidi wa madereva. Ukiifuata historia ya ishara hii na namna inavyofanya kazi, utaona kwamba shida yake kubwa ipo kwenye imani: kama dereva anaamini kwamba ikiwaka treni ipo karibu, na ikizima treni haipo.

Mlinzi na taa yake ya mkono

Kabla ya mitambo kulikuwa na mtu. Katika miji ya Marekani ya karne ya 19, makutano yenye pilikapilika yalikuwa na mlinzi wa kampuni ya reli. Treni ilipokaribia alitoka kibandani, akasimama barabarani na kupunga bendera mchana, au kuyumbisha taa nyekundu kushoto na kulia usiku. Mwendo huo haukuchaguliwa ovyo. Ndani ya reli yenyewe, taa iliyoyumbishwa kukatiza njia ilikuwa amri ya kusimama, na kanuni za reli za Marekani na za Uingereza zilisema kwa namna zao kwamba hata taa isiyokuwa nyekundu, ikipungwa kwa nguvu, ni hatari. Dereva wa treni alipaswa kusimama hata kama hakujua anayepunga ni nani wala amepatwa na nini.

Jeshi la Marekani nalo lilikuwa limeuona uwezo wa mwendo huo. Albert Myer, daktari aliyeandika tasnifu yake juu ya lugha ya ishara ya viziwi, alibuni katika miaka ya 1850 mfumo wa kutuma ujumbe kwa bendera moja inayolazwa kushoto na kulia, na mwenge usiku. Edward Porter Alexander, aliyefanya naye majaribio, alijiunga baadaye na upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mnamo Julai 1861, katika mapigano ya Bull Run, akautumia mfumo huohuo kuwaonya wenzake kwamba adui anawazunguka ubavuni. Ila mfumo wa Myer ulimhitaji msomaji aliyefunzwa herufi zake. Taa ya mlinzi wa reli haikuhitaji hata mtu anayejua kusoma, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa.

Udhaifu wa mlinzi ni kwamba hulipwa, huchoka, huugua na hulala. Magari yalipoanza kuongezeka, kampuni za reli zilitafuta mtambo wa kuiga mkono wake. Mwaka 1909 Albert Hunt, mhandisi wa reli ya umeme ya Pacific Electric kusini mwa California, alitengeneza sahani ya chuma yenye taa nyekundu katikati, ikaning'inizwa kwenye mkono, na sumaku mbili za umeme zikaivuta kwa zamu ili iyumbe kama taa ya mlinzi. Kengele ililia pamoja nayo. Ishara hiyo iliuzwa kwa jina la Magnetic Flagman na ikaenea hasa magharibi mwa Marekani. Mchana sahani ilionekana, usiku taa ilionekana, na wakati wote mwendo ulionekana.

Lakini mtambo huo ulikuwa na kasoro iliyojificha ndani ya ukimya wake. Treni isipokuwepo, sahani ilining'inia wima, imetulia. Umeme ukikatika au sumaku ikiungua, ilining'inia vilevile. Dereva hakuwa na njia ya kujua kama utulivu ule ni usalama au ni ubovu. Wapo watengenezaji waliojaribu kuliponya hilo kwa aina ya nafasi tatu, ambayo sahani yake ilifichwa nyuma ya kiziba treni isipokuwepo, na mtambo ukiharibika iliachiwa ikaanguka mahali pa kuonekana. Lilikuwa wazo zuri, japo lilihitaji vipuri na matunzo zaidi. Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1913, New Jersey, makutano ya reli yalifungwa taa mbili zinazowaka kwa kupokezana. Hakikuwepo kitu cha kuyumba, cha kutiwa grisi wala cha kulegea, na bado jicho lilipata mwendo uleule wa kushoto na kulia. Mwaka mmoja kabla, mwanasaikolojia Max Wertheimer alikuwa amechapisha utafiti wake maarufu ulioonyesha kwamba vitu viwili vilivyotulia, vikionyeshwa kwa zamu katika vipindi vinavyofaa, akili huviona kama kitu kimoja kinachosogea. Baada ya mwaka 1949 sahani mpya za kuyumba hazikuruhusiwa tena Marekani, na zilizokuwapo ziliondolewa kadiri zilivyochakaa.

Jicho linataka nini

Sehemu ya katikati ya jicho ndiyo inayosoma maandishi na kutofautisha rangi vizuri. Kingo zake ni dhaifu kwa yote mawili, lakini ni kali sana katika kugundua kinachosogea au kinachobadilika. Dereva anayetazama gari lililo mbele yake anaweza asione kabisa kibao kilichosimama pembeni, lakini kitu kinachopokezana mwanga hukivuta kichwa chake kabla hajatambua ni kitu gani. Kuna faida nyingine inayosahauliwa. Wanaume wasioona vizuri tofauti ya nyekundu na kijani si wachache; miongoni mwa wenye asili ya Ulaya kaskazini hufika takriban 8 katika kila 100. Mtu wa aina hiyo anaweza kubabaishwa na taa moja isiyosogea usiku, hasa pasipo na taa nyingine ya kulinganisha, ila habahatishi mbele ya taa mbili zinazopokezana.

Kasi ya kupokezana nayo si jambo la kuchagua kwa kupenda. Viwango vya Marekani huitaka kila taa ya makutano ya reli iwake mara 35 hadi 65 kwa dakika, mwendo unaokaribia ule wa mkono wa mlinzi. Indiketa ya gari kwa kanuni za kimataifa huwaka mara 60 hadi 120 kwa dakika. Taa za buluu za magari ya dharura Ulaya huwaka haraka zaidi, mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Haziruhusiwi kwenda mbali zaidi ya hapo, na mwanga unaowaka mara 15 hadi 25 kwa sekunde ndio unaoamsha kifafa kwa urahisi zaidi kwa watu wenye maumbile ya kuathirika. Utaona hapo ngazi isiyo rasmi: ya polepole humtaka mtu asimame, ya haraka humtaka apishe. Basi kasi imekuwa sehemu ya maana ya ishara.

Hoja zinazoshindana

Kambi ya kwanza inasema: ongeza mwanga. Hoja hii ina ukoo wa heshima. Katika miaka ya 1930 baadhi ya treni za Marekani zilianza kufungwa taa ya mbele iliyoyumba yenyewe, ikichora umbo angani ili watu waione kutoka mbali. Mars Light ndiyo iliyojulikana zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1997 sheria ya huko ikazilazimisha treni nyingi kuwa na taa mbili za ziada chini ya taa kuu, na baadhi hupokezana dereva anapopiga honi. Taa za LED nazo zimeondoa ule mwanga hafifu wa balbu. Nguvu ya hoja hii ni kwamba gharama yake ni ndogo na faida yake huonekana siku hiyohiyo, hasa kwenye ukungu au pale jua la jioni linapoichoma taa usoni. Udhaifu wake ni kwamba inatibu ugonjwa wa kutoona, na walio wengi hawaugui ugonjwa huo. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Herschel Leibowitz alieleza jambo linalopaswa kufundishwa kwa kila anayeomba leseni: kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko mwendo wake halisi, na kitu kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako huonekana kubadilika ukubwa kidogo mno kikiwa mbali. Dereva huiona treni, huziona taa, kisha hukadiria kwamba muda upo. Kumwongezea mwanga ni kumthibitishia anachokijua tayari.

Kambi ya pili inataka kizuizi. Kizuizi kinaigeuza amri kuwa kitu cha kugusa, na hata asiyejua sheria huelewa boriti iliyolala mbele yake. Wanaoiunga mkono hutaja Marekani, ambako ajali za makutano ya reli zimepungua kutoka zaidi ya 12,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi kama 2,000 katika miaka ya karibuni, baada ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 kutenga fedha za kuboresha makutano. Takwimu hiyo ni nzito, lakini isibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Katika miongo hiyohiyo makutano mengi yalifungwa kabisa, kampeni ya elimu iitwayo Operation Lifesaver, iliyoanzia Idaho mwaka 1972, ilienea nchi nzima, na treni zenyewe zikaongezewa taa. Kizuizi kilichangia, hakikufanya kazi peke yake.

Na kizuizi kina mitego yake. Cha nusu barabara kinaweza kuzungukwa na mwenye haraka. Cha barabara nzima kinaweza kulifungia gari katikati ya reli. Mfano mchungu zaidi ni wa Hixon, Staffordshire, Uingereza, tarehe 6 Januari 1968. Gari refu lililobeba transfoma ya tani 120, likisindikizwa na polisi, liliingia taratibu kwenye makutano yenye vizuizi vya nusu barabara vinavyojiendesha. Taa zilianza kupokezana sekunde 24 kabla ya treni ya kasi kufika, muda unaotosha gari la kawaida lakini si mzigo ule. Watu 11 walikufa. Mtambo haukuharibika, ulifanya kila kitu kama ulivyosanifiwa. Kulikuwa na kibao cha kuwataka wenye mizigo mikubwa wapige simu kwanza kwa mwongozaji wa ishara za reli, lakini agizo hilo halikuwa limewafikia wahusika kwa namna ya kueleweka. Baadaye Waingereza waliongeza taa ya njano ili dereva apate hatua ya kujiandaa kabla ya nyekundu kuanza. Waliongeza muda, na waliongeza maelezo.

Kambi ya tatu inasema ondoa makutano yenyewe: jenga daraja, au pitisha barabara chini. Hakuna ishara inayoweza kushindana na reli isiyokutana na barabara, na hapa Afrika Mashariki hoja hii imekwisha kutekelezwa kwa vitendo. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, na ile ya Dar es Salaam kuelekea Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, zimejengwa kwa madaraja na vivuko vya chini sehemu nyingi. Kwa treni za umeme za Tanzania zinazokwenda kilomita 160 kwa saa, kufanya vinginevyo kungekuwa hatari isiyovumilika. Lakini reli ya zamani yenye upana wa mita moja bado ipo. Inapita katikati ya miji, masoko na mitaa iliyokua kuizunguka; Dar es Salaam imekuwa ikiitumia kwa treni za abiria wa mjini tangu Oktoba 2012. Kuijengea daraja kila njia inayoikatiza ni ahadi isiyo na fedha nyuma yake. Hata penye daraja, mama mwenye ndoo kichwani au kijana mwenye mkokoteni hatapanda ngazi ndefu ikiwa njia ya mkato iko hatua chache tu. Basi makutano yatakuwepo kwa miongo mingi, na ishara zake zitabaki kuwa suala la uhai na kifo.

Ishara inayosema uongo

Kambi zote tatu zinaelekea kusahau namna taa zinavyojua kwamba treni inakuja. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mpango ambao umekuwa msingi wa usalama wa reli mpaka leo. Umeme hafifu hupitishwa kwenye reli zenyewe na kushikilia swichi ya sumaku. Treni ikiingia kwenye kipande hicho, ekseli zake huunganisha reli mbili, umeme hupita njia ya mkato, swichi huachia na taa huanza kuwaka. Uzuri wake ni kwamba waya ukikatika, reli ikivunjika au betri ikiisha, matokeo ni yaleyale: swichi huachia na taa zinawaka. Mtambo ukiharibika hulalia upande wa onyo. Ndicho kilichokosekana kwenye sahani ya Hunt.

Lakini kila uharibifu unaolalia upande wa onyo ni uongo mmoja zaidi kwa dereva. Taa zinapokezana, kengele inalia, na treni haipo. Akisubiri dakika kadhaa mara mbili au tatu, mara ya nne hatasubiri. Hapa pana mvutano wa kweli usioweza kumalizwa kwa kauli nzuri. Mtambo unaonyamaza ukiharibika unaweza kuua siku hiyohiyo, na unaopiga kelele ukiharibika huua polepole, kwa kuua imani. Wahandisi waliamua sawasawa kuchagua wa pili. Kosa linakuja pale matengenezo yanapochelewa kwa kuwa "angalau taa zinawaka", kana kwamba onyo la uongo halina gharama.

Gharama hiyo inaongezwa na hesabu ya muda. Kanuni za Marekani zinataka onyo lisipungue sekunde 20 kabla ya treni kufika. Treni ya kilomita 100 kwa saa huenda takriban mita 556 katika muda huo, kwa hiyo kipande cha kuitambua lazima kianze angalau umbali huo. Sasa kwenye njia hiyohiyo ipite treni ya mizigo inayojivuta kwa kilomita 20 kwa saa: kipande kilekile kitaichukua sekunde 100. Ikisimama kituoni ndani ya kipande hicho, taa zitapokezana bila mwisho. Dereva wa lori hajui haya. Anachojua ni kwamba jana alisubiri kidogo, leo anasubiri sana, na kesho hatajua la kutarajia. Ipo mitambo inayopima mwendo wa treni na kuwasha taa kwa muda unaokaribia kulingana kwa kila treni, na Marekani inatumika sana. Tofauti yake na mtambo wa umbali, ule unaowasha taa treni ikifika mahali palepale siku zote, haionekani barabarani, kwani taa ni zilezile, lakini inabadilisha kabisa kile ambacho dereva anajifunza kutokana na taa hizo.

Mwenye kupinga atasema: madereva wetu ni wakaidi tu, na hata ukiwapa ishara sahihi kwa sekunde watapita. Wapo wa namna hiyo, na sheria iwashughulikie bila huruma. Lakini ukaidi haumwelezi dereva anayeheshimu taa za mjini kila siku, kisha akazidharau za reli. Taa za mjini zina mzunguko anaoutabiri. Anajua kijani itakuja. Za reli hazimwambii chochote juu ya muda, na zikishamdanganya mara kadhaa zinamfundisha kutumia macho yake, macho ambayo Leibowitz alionyesha kwamba hayaaminiki mbele ya treni. Kwenye reli mbili hatari huzidi: treni ya kwanza ikipita, taa zikiendelea kupokezana, aliyezoea uongo hudhani ni mtambo umekwama, kumbe ni treni ya pili inayokuja upande wa pili.

Lugha ya mwanga katika barabara zetu

Imani katika ishara haijengwi wala haibomolewi kwenye reli peke yake. Dereva hufika pale akiwa amefundishwa na barabara nzima, na barabara zetu zimetunga lugha yake ya taa. Kwenye njia kuu, dereva wa lori anayeona mbele huwasha indiketa ya kushoto kumwambia aliye nyuma kwamba njia ni nyeupe, apite. Akiwasha ya kulia anamwambia abaki, kuna gari linakuja. Lugha hii imetokana na wema, na haifai kubezwa, kwa sababu aliye nyuma ya tela refu hana njia nyingine ya kuona mbele. Ukiichunguza, ya kulia haina hatari kubwa: iwe lori linakata kulia au linaonya, jibu ni lilelile, usipite. Hatari iko kushoto. Lori linalojiandaa tu kuingia kituo cha mafuta linawasha taa ileile, na aliye nyuma hujirusha upande wa pili akidhani ameruhusiwa.

Taa za hazadi, yaani indiketa zote zikiwaka pamoja, nazo zimepotea njia. Zilikusudiwa gari lililoharibika au linalohatarisha wengine, lakini huwashwa kwenye misafara ya harusi, kwenye mvua, na hasa na dereva anayekwenda moja kwa moja penye njia panda. Anadhani anasema "naenda mbele", ila aliye pembeni, ambaye gari jingine limemficha upande mmoja wa taa hizo, anaona indiketa moja tu na anaamini gari linakata kona. Ongeza matatu za Nairobi zenye taa za rangi zinazokimbizana, bodaboda zenye vimulimuli vya mapambo, na magari binafsi yanayofungwa ving'ora na taa za buluu bila haki, jambo ambalo polisi wa Kenya na Tanzania wamelikemea mara kwa mara bila kulimaliza. Kila moja peke yake inaonekana jambo dogo. Kwa pamoja zinamzoesha dereva kwamba kinachowaka na kuzima ni pambo, au ni salamu, au ni mwenye cheo anayetaka kupishwa. Siku anapokutana na taa mbili nyekundu kwenye reli, jicho lake hugeuka kama maumbile yalivyopanga, lakini akili imekwisha kufundishwa kwamba mwanga wa namna hiyo hauna uzito.

Kuna watakaouliza kama inawezekana kuidhibiti lugha ya mwanga katika nchi ambazo hata taa za breki hukaguliwa kwa shida. Kuidhibiti yote haiwezekani, na si lazima. Kinachowezekana ni kulinda kipande kimoja kidogo, kama Mkataba wa Vienna ulivyofanya: nyekundu mbili zinazopokezana zisiruhusiwe popote isipokuwa mahali pa kusimama kabisa. Zisifungwe kwenye basi, kwenye bango la biashara, wala kwenye lango la kumbi za starehe. Indiketa za malori ziendelee na mazungumzo yao.

Kupima

Ukiweka hoja zote kwenye mizani, madaraja yanashinda kila mahali ambapo treni ni za kasi na fedha zipo, na uamuzi uliofanywa kwenye reli mpya za Kenya na Tanzania ulikuwa sahihi. Kwa reli ya zamani, mpangilio wa matumizi ya fedha ni muhimu kuliko kuchagua kambi. Kizuizi kinastahili kwenye barabara zenye mabasi mengi na kwenye reli mbili, mradi muda wake upimwe kwa gari refu na zito zaidi linaloruhusiwa kupita pale, na namba ya simu ya dharura iandikwe kwa Kiswahili mahali dereva aliyekwama anapoweza kuisoma. Taa peke yake zinafaa makutano ya wastani, kwa sharti kwamba mtambo unaoziwasha uendane na mwendo wa treni. Kununua taa kubwa za LED na kuziunganisha kwenye mtambo wa umbali kwenye njia yenye treni za mizigo na za abiria pamoja ni kutoa fedha ili uongo uonekane vizuri zaidi.

Mlinzi mwenye bendera asiondolewe kwa haraka. Anahesabiwa kuwa ishara ya umaskini, ilhali ana sifa ambayo mtambo wa bei nafuu hauna: anaweza kumwona mama aliyekwama na mkokoteni, na dereva anaweza kumsoma usoni kwamba treni iko karibu kweli. Udhaifu wake ni uchovu, giza na kukosa habari. Redio ya kuwasiliana na kituo, taa nzuri ya mkono, zamu zisizozidi uwezo wa binadamu na kibanda kisichovuja ni vitu vidogo vikilinganishwa na bei ya mtambo mmoja ulioagizwa nje na kukosa vipuri baada ya nyaya zake kuibwa na wauza vyuma chakavu.

Lipo pia jambo linaloweza kuanza kesho bila kujenga chochote. Kwa kila makutano yenye taa, shirika la reli linaweza kurekodi ni sekunde ngapi zilipita tangu taa zilipoanza kupokezana hadi treni ilipofika, na ni mara ngapi ziliwaka bila treni kutokea. Namba hizo zikitolewa hadharani kila mwezi, makutano kwa makutano, wananchi wanaovuka pale na wahandisi wanaoyatunza watajua ni wapi onyo linaaminika na ni wapi limeacha kuaminika. Makutano yenye maonyo mengi ya uongo yatengenezwe kwanza, hata kama hapajatokea ajali, maana pale ndipo madereva wanapofundishwa kila siku kupita.